Binti wa Msemaji

Bangui, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, pamoja na goti lake na mbuzi wako. Mimi sijambo, ila joto la huku linatupika na tumekaribia kuiva.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nakujua. Ningepiga simu ungesema simu ni ya kuuliza bei ya viazi Kanama, na kwamba mambo ya maana huandikwa, kama ulivyofundishwa shuleni Karagwe. Haya, nimeandika. Koplo mmoja anayerudi likizo atakuletea.

Habari yenyewe ni kwamba narudi, tena moja kwa moja. Mkataba wangu wa jeshi unaisha mwezi wa nne na sikuomba mwingine. Nimetengeneza magari ya deraya tangu ujana, nimelala kwenye mahema ya nchi tatu, na sasa nataka kuamka mahali ambapo Mama anagombana na kuku.

Kuna mtu nataka mumjue. Anaitwa Laurence, ni muuguzi wa kikosi chetu, mzaliwa wa Rusizi. Nilipougua malaria mwaka juzi, yeye ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu hadi nikapata nguvu za kumtania, na tangu hapo hatujaachana. Nikifika nitawaeleza vizuri. Naomba umpokee kwa maneno mazuri kama unayowapa watu kwenye harusi.

Nimeikumbuka sauti yako. Juzi niliwasimulia wenzangu jinsi ulivyowabishia wakwe wa Mzee Habineza hadi wakaomba maji ya kunywa, ndipo ukawaruhusu wamchukue binti. Walicheka sana, na sasa kikosi kizima kinaniita Binti wa Msemaji.

Nisalimie Mama sana.

Binti yako,
Umuhoza

*

Gisenyi, 3 Machi 2024

Kwa Sajini Umuhoza, binti yangu,

Marahaba, tena marahaba nyingine kwa niaba ya mama yako ambaye tangu barua ifike hashikiki. Sisi wazima. Goti lake linauma akitakiwa kwenda shambani Kanama, haliumi akienda kwaya. Mbuzi amekula soksi yangu lakini naye ni mzima.

Nimefurahi, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa sauti mara mbili, ya pili kwa ajili ya jirani.

Nami nina habari ya kukufurahisha. Karekezi, mzee mwenzangu wa kanisa, alikuja na watu wake kushika irembo, lango la posa, kwa ajili ya mwanawe Régis. Ni kijana mpole, ana duka la vigae karibu na mpaka, hanywi pombe na ana meno yake yote. Nikakubali. Kwa hiyo irembo lako sasa lina mwenyewe, na mwingine akija kukuposa ataambiwa amechelewa.

Fikiria, Umuhoza. Miaka ishirini nimekuwa msemaji kwenye harusi za mji huu. Nimewanyima watu mabinti wa wenzangu kwa vituko na vijembe, wakanipigia makofi, kisha nikawapa. Wangu peke yake ndiye sijawahi kumsemea. Najua desturi inataka baba wa msichana anyamaze na kumwachia mwingine kazi hiyo. Kunyamaza sikuzoea, muulize mama yako. Nguo yangu ya sherehe iko kwa fundi, anaiongeza kidogo tumboni.

Huyo rafiki yako Laurence naye aje. Siku hiyo tutampa kazi ya heshima, abebe maua na wasichana wenzake.

Baba yako,
Mbonigaba

*

Rubona, 19 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama mko salama. Mimi na Laurence hatujambo. Tumepanga vyumba viwili hapa Rubona, juu kidogo ya bandari, na nimefungua kibanda cha kutengeneza mashine za boti. Laurence amepata kazi kwenye zahanati. Ukuta wa jikoni unavuja, lakini ziwa lote liko dirishani.

Sikutegemea kwamba tutaandikiana tena tukiwa tumetenganishwa na kilima kimoja na nauli ya pikipiki. Ila tangu siku ile mezani hupokei simu yangu, na barua najua utaisoma, maana huwezi kuiona karatasi ikapita hujaisoma.

Nilikuambia kwa mdomo na sasa naandika. Laurence si rafiki wa kubeba maua. Ndiye mtu wangu. Nampenda jinsi ulivyompenda Mama ulipomfuata Goma kwa viatu vya kuazima. Sitaolewa na Régis wala na mwanamume mwingine. Ukasema nyumba yako si kambi ya jeshi, na kwamba huyo hapiti langoni mwako. Mama akaendelea kuchambua maharage, lakini niliona alikuwa anatupa mazima na kuacha mabovu.

Nililia njia nzima hadi huku. Motari wa pikipiki alidhani nimefiwa, akakataa nauli. Anaitwa Janvier, na ndiye aliyekuletea barua hii, kwa hiyo mpe chai.

Siombi uniruhusu kumpenda. Naomba jambo moja tu: waambie watu wa Karekezi ukweli. Régis ni mtu mwema, si haki ajiandae kwa harusi ya mtu ambaye haji. Irembo langu lilikwisha kushikwa kabla hawajafika.

Nakukumbuka kila siku, hata nikiwa nimekukasirikia.

Binti yako,
Umuhoza

*

Gisenyi, 2 Juni 2024

Umuhoza,

Barua yako nimeipata. Afya yangu ni nzuri. Afya ya mama yako ni nzuri. Afya ya mbuzi ni nzuri.

Janvier amekunywa chai vikombe vitatu.

Mbonigaba

*

Rubona, 9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua yako ndefu. Nimefurahi hasa kuhusu mbuzi. Mashine zangu ni nzima, mkia wa paka wa jirani ni mzima, na Laurence ni mzima, anakusalimu hata kama hujamuuliza.

Umesahau kuandika neno moja mwishoni, kabla ya jina lako. Nimeigeuza karatasi nikalitafuta hata nyuma, sikuliona. Nitasubiri.

Nakutumia sambaza, dagaa wa ziwa letu, zimevuliwa leo. Laurence amezikaanga mwenyewe.

Binti yako, na hilo halitabadilika,
Umuhoza

*

Gisenyi, 14 Julai 2024

Umuhoza,

Marahaba. Tu wazima. Sambaza zilifika, zikawa na chumvi haba sana. Mama yako anasema hiyo ni amri ya muuguzi kwa sababu ya presha yangu. Sijui nani alimwambia mtu huyo habari za presha yangu. Ninachojua ni kwamba siku hizi goti la mama yako linauma kila Jumanne, na dawa yake ni chemchemi ya maji moto ya huko Rubona tu. Mimi sikuzaliwa jana.

Nakuandikia kwa sababu limetokea jambo, na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Janvier, ambaye hana presha na chumvi anatia nyingi.

Watu wa Karekezi walikuja Jumamosi kupanga tarehe. Nilikuwa nimeamua kuwaambia ukweli. Usidhani nilifanya hivyo kwa ajili yako. Nilifanya kwa ajili ya Régis, maana uliyoandika juu yake ni kweli, na sipendi mtoto anishinde kwa hoja. Nikasema jambo zito huambiwa watu wakiwa wameketi. Basi nikawaketisha, soda zikafunguliwa, nikasimama na kuwaambia: "Msichana mliyemjia hayupo. Ana mtu wake."

Wakapiga makofi.

Msemaji wao akainuka akajibu kwamba kama hayupo watamngoja hapa hapa, tuwaletee mikeka na blanketi. Watu wakacheka. Nikasema sitanii, moyo wake umeshachukuliwa. Wakashangilia zaidi. Karekezi akamnong'oneza mkewe, nami nikamsikia, kwamba tangu azaliwe hajaona msemaji anayejua kukataa namna ile, hadi machozi yanamlengalenga. Na ni kweli yalikuwa yananilenga, Umuhoza. Kila nilivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kunisifu. Miaka ishirini nimewaambia watu wa mji huu kwamba msichana hayupo huku amejificha chumba cha pili. Sasa nani ataniamini?

Nilikuwa nimesimama pale na jasho, hoja zimekwisha. Hilo halijawahi kunipata. Ndipo mama yako akatoka jikoni, mikono na unga, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Goma ambacho nimeshindwa kukinyoosha tangu nimuoe:

"Bazee, munisikilize. Huyu muzee hachezi. Umuhoza iko na mutu wake, anaitwa Laurence, ni mwanamuke. Banakaa Rubona. Sasa mumalize Fanta, isipate moto."

Makofi yakakoma, nikamsikia mbuzi akitafuna. Karekezi akavaa kofia yake. Walitoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga. Régis peke yake ndiye aliyerudi kutoka barabarani, akanipa mkono, akasema asante mzee, kisha akamsaidia mama yako kukusanya chupa.

Basi, irembo lako halina mtu wa Karekezi tena. Ulichoomba umepata. Mengine sijayaamua, na usinisukume.

Baba yako,
Mbonigaba

*

Rubona, 15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Tangu Julai nimekuandikia mara mbili na Janvier anarudi na salamu za mdomo tu, kwamba mzee amekunywa chai na hakusema kitu. Natumai presha yako inashuka. Mama nimemwona Jumanne, kwa hiyo goti lake nalijua kuliko wewe.

Kwanza habari ya kukuchekesha. Régis amekuja hapa na jenereta ya duka lake, imekufa. Nikaifungua, akaketi na Laurence wakanywa chai na kunisema. Aliniambia kwamba tangu mwanzo aliogopa kuoa sajini. Jenereta imepona, na sisi ni marafiki.

Ya pili haichekeshi. Mama amenieleza. Nimesikia harusi mbili zimekuondoa na kumchukua kijana mmoja anayesoma vichekesho kwenye simu. Nimesikia pia kanisani wamekuomba upumzike kwenye kiti cha wazee. Baba, hilo limeniuma sana. Nilivumilia vita vya watu, lakini hili siliwezi, kwamba wewe unyamazishwe kwa ajili yangu.

Tumezungumza mimi na Laurence. Kuna gereji Kigali inanitaka. Tukiondoka mwezi ujao watu watasahau, nawe utarudi kusimama mbele yao na fimbo yako. Sitaki uchague kati yangu na kazi unayoipenda. Niambie tu, nami nitafunga kibanda. Nitaumia, lakini nitafunga.

Binti yako,
Umuhoza

*

Gisenyi, 6 Oktoba 2024

Umuhoza, binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, na nimekasirika, kwa hiyo presha usiulize.

Kigali? Kuna nini Kigali? Kila mtu anakimbilia Kigali. Mashine za boti za ziwa hili nani atazitengeneza, mimi? Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaichukua tena, nikaiweka, hadi mama yako akaninyang'anya.

Kanisani ni kweli, nimehamishiwa benchi la nyuma. Nimegundua kwamba nyuma ndiko watu wanakolala, na wanalala vizuri. Sitakuficha, wiki za kwanza niliona aibu, nilikuwa napita njia ya sokoni ili nisikutane na mtu. Kisha nikachoka, maana sokoni kuna matope.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi ya Igihozo, yule binti mdogo wa Habineza. Msemaji wao alikuwa kijana wa simu. Katikati ya mashindano simu ikazimika, na kijana naye akazimika. Wageni wakaanza kuangaliana. Habineza akamtuma Janvier, nikafuatwa nyumbani nimevaa kandambili. Nilikwenda na kandambili hizo hizo. Niliwakatalia wale wakwe kwa moyo wote, mwanangu, walikoma. Watu walicheka kama zamani, na walionigeuzia uso sokoni nao walicheka.

Halafu Igihozo akatoka na wenzake, baba yake akamshika mkono akampeleka kwa watu wake. Kila mtu akashangilia. Mimi nikatafuta kiti. Nilimwona Habineza anavyomtazama mtoto wake nikamwonea wivu, tena wivu mbaya. Nikajiuliza ni kazi gani hii, kuwafungulia watu wote malango yao na la kwangu kulifunga kwa komeo.

Sijaelewa kila kitu. Niliyofundishwa bado yako kichwani, hayatoki kwa barua moja. Ila kutokuelewa nimekujaribu ukiwa mbali, na hakukunipendeza. Bora nisielewe ukiwa mezani unakula.

Kwa hiyo Kigali hamwendi. Mtakuja hapa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya kazi za pamoja za umuganda, saa nane mchana. Hiyo haitakuwa harusi, sina uwezo wa kuifanya iwe harusi, na kanisa halitakuwapo. Itakuwa watu wachache uani kwangu. Lakini mtu anayenitaka binti yangu atamwomba, kama wanavyoomba watu wote. Asije mikono mitupu. Na aje na msemaji wake, kwa sababu kwetu mtu hajisemei.

Mimi nitakuwa upande wa msichana. Sitamhurumia.

Baba yako,
Mbonigaba

*

Rubona, 13 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Barua yako Laurence ameisoma kwanza, akatoka nje, akarudi macho mekundu akisema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Tutakuja. Kigali nimewaambia hapana.

Tatizo ni moja. Laurence hana msemaji. Wazazi wake walifariki, kaka yake wa Rusizi aliposikia ni jambo gani alikata simu, na sisi huku hatuna mzee. Nilimfikiria Janvier lakini atataja bei za mafuta. Laurence anasema basi atasimama ajisemee mwenyewe. Nimemkatalia, nakujua, utamla mzima mzima. Amekwisha kukosa usingizi. Amewahi kufunga majeraha risasi zikilia nje, lakini wewe anakuogopa.

Tufanyeje, Baba? Nisaidie, ingawa najua ninamwomba msaada adui.

Binti yako,
Umuhoza

*

Gisenyi, 20 Oktoba 2024

Umuhoza, na wewe Laurence unayesoma begani kwake,

Marahaba kwenu wote wawili. Huku tu wazima, isipokuwa mimi ambaye nina hofu, na sababu ya hofu hiyo nitaieleza.

Barua yenu iliposomwa, mama yenu alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini, akaenda uani ambako nilikuwa nimeanza kupanga viti. Kiti chake nilikuwa nimekiweka kando ya changu. Akakiinua, akakivusha hadi upande wa wageni, akakikalia kuona kama kimetulia. Kisha akaniambia:

"Huyu mutoto mi ndiye nitamusemea. Hana mama, bon, mi niko mama yake. We baki kule, tutaonana hiyo samedi ya mwisho."

Nikamkumbusha kwamba mwanamke hajawahi kuwa msemaji katika nyumba hii. Akauliza Julai ni nani alisema.

Tangu hapo nyumba haikaliki. Anafanya mazoezi jikoni kwa sauti, makusudi, nisikie. Kila kituko changu anakijua, kila mahali ninapovuta pumzi anapajua, maana kwa miaka ishirini alikuwa ananisikiliza huku akinipigia pasi mashati. Jana nilijaribu kumtega kwa lile swali langu la ng'ombe ambalo hakuna mkwe aliyewahi kulijibu. Akalijibu huku anapepeta mchele. Laurence, lala usingizi wako, una msemaji mbaya kuliko wote mjini.

Habineza atakuja, na Igihozo na mumewe. Régis ataleta viti vya ziada. Amesema alishika irembo hili bure, basi angalau alione likifunguliwa. Karekezi hatakuja, lakini jana alinisalimia sokoni kwanza, kabla yangu.

Sambaza leteni, na chumvi tieni kidogo kama kawaida. Nimezizoea.

Nimekaa tangu asubuhi nikitafuta hoja za kuwakatalia. Nimepata nyingi, tena kali, nyingine mpya kabisa. Nimezipitia zote, na sioni hata moja ambayo ningependa ishinde. Lakini nitazisema, kwa sababu binti yangu hatoki kwangu kimya kimya kama mtu asiye na kwao.

Lango nimelitia mafuta. Lilikuwa linalia.

Baba yenu,
Mbonigaba